Tufani Kisiwani na Tuta la Mkondoa

Mtu wa Kilosa au wa Mikumi akiona katika ukurasa huu neno "kimbunga" huenda akageuza karatasi na kusema: hayo ni mambo ya watu wa pwani. Twamwomba asigeuze bado. Maji ya Mkondoa huingia Wami, na Wami humwagika baharini kuelekea Unguja. Mto Ruaha Mkuu, upitao Kidatu kusini ya Mikumi, huingia Rufiji, ambao mdomo wake hutazamana na kisiwa cha Mafia. Sisi wa bara na wao wa visiwani twanywa mito ile ile, wao wakiwa mwisho wa mto na sisi katikati yake.

Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga kilichopewa jina la Hidaya kilivuka Bahari ya Hindi kikielekea pwani yetu. Hidaya kwa Kiswahili ni zawadi. Twaamini wenye kupanga majina ya vimbunga hawakuwa na nia ya kutudhihaki. Tarehe 4 Mei kilifika Mafia, kisiwa ambacho urefu wake ni kama kilometa 50 tu. Mtu wa bara akitishwa na mafuriko hupanda kilima, au hupakia watoto garini akaenda kwa shemeji yake Morogoro. Mtu wa kisiwani apande nini, naye aende wapi? Bahari ndiyo barabara yake, na siku hiyo bahari ndiyo adui. Hufunga mlango, huwakusanya walio wake, husali, hungoja.

Mambo kama hayo ni nadra kwetu. Pwani yetu i karibu na Ikweta, na huko pepo hazipati vema ile nguvu ya kuzunguka itokanayo na mzunguko wa dunia yenyewe. Walakini nadra si kamwe. Mwezi Aprili 1952 kimbunga kiliipiga Lindi. Na kabla ya hapo, mwezi Aprili 1872, katika siku za Seyyid Barghash, tufani iliishukia Unguja, ikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi, ikavunja majahazi bandarini. Ng'ambo, Bagamoyo, mapadre wa Roho Mtakatifu waliokuwa wamefika huko mwaka 1868 waliona majengo ya misioni yao yakibomolewa. Walijenga tena, na mwaka 1877 wenzao walikuwa wamekwisha fika Mhonda, katika milima ya Nguru. Imani ya wengi wetu katika mkoa huu ilipita katika magofu yale.

Lakini tazameni tofauti moja. Mwaka 1872 hapakuwa na mtu wa kuwaambia wavuvi kwamba inakuja. Mwaka 2024 Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza siku kadhaa kabla, tena na tena, hata bibi asiyejua kusoma akaisikia habari redioni. Vyombo vya kuvuka kati ya Dar es Salaam na Unguja vilisimamishwa. Hasara ilikuwapo: barabara ya kusini ilikatika Somanga, magari ya Lindi na Mtwara yakakwama kwa siku kadhaa, na wenye nyumba dhaifu waliumia kama wanavyoumia daima. Hata hivyo, mvuvi aliyevuta ngalawa yake mchangani akakaa na wanawe alipata kitu ambacho mvuvi wa 1872 hakupewa, yaani nafasi ya kuchagua.

Tukiyasoma hayo twakumbuka safari ya Mtakatifu Paulo kwenda Roma, katika sura mbili za mwisho za Matendo ya Mitume. Wengi hukumbuka kisiwa cha Malta na wema wa wenyeji wake, waliowawashia moto watu 276 waliotoka majini, maana mvua ilinyesha na baridi ilikuwa kali. Hukumbuka pia nyoka. Ni wachache wakumbukao mwanzo. Paulo alikuwa amewaonya wasing'oe nanga, kwa kuwa majira mazuri ya safari yalikuwa yamepita. Akida hakumsikiliza. Alimsikiliza nahodha, akamsikiliza na mwenye merikebu. Mwenye merikebu alikuwa na shehena ya ngano, na twafahamu shehena husema kwa sauti gani masikioni mwa mwenyewe. Basi siku kumi na nne za tufani, na ngano yote kutupwa baharini, yalianzia katika baraza ndogo bandarini, siku ya hewa shwari.

Sasa turudi Kilosa. Mwisho wa Desemba 2009, katika siku za Noeli, Mkondoa ulipasua tuta lake ukaingia mjini. Maelfu ya watu walipoteza makao, wakauanza mwaka 2010 katika mahema. Reli ya Kati ilikatika kati ya Kilosa na Gulwe, na miezi ikapita kabla treni hazijapita tena. Siku zile Kilosa ilikuwa kisiwa bila bahari.

Je, wote walioteseka walistaajabu kwa haki? Wenyeji wajua kwamba maji yaangamizayo Kilosa mara nyingi hayanyeshi Kilosa. Huanguka Mpwapwa na Dodoma, hushuka kwa Kinyasungwe, hukutana na maji ya milima ya Ukaguru na Rubeho. Mtu huweza kuuona mto umejaa tope jekundu chini ya mbingu safi. Wazee walijua. Bwawa la Kidete, lililojengwa zamani za ukoloni ili kuyapunguzia maji nguvu, lilikuwa limekwisha haribika. Tuta lenyewe lililimwa, likakanyagwa na ng'ombe washukao kunywa, na miti ya kingo ikageuzwa mkaa. Onyo lilikuwapo, lakini lilikuwa kimya, halikupigiwa redio.

Twasikia wengine wakisema: ni adhabu ya Mungu juu ya mji wenye dhambi. Twawasihi waache neno hilo. Mnara wa Siloamu ulipowaua watu kumi na wanane, Bwana wetu aliulizwa habari za namna hiyo, naye alikana wazi kwamba hao walikuwa wabaya kuliko wengine wa Yerusalemu. Maji hayakuchagua nyumba ya mlevi yakaruka ya mcha Mungu. Yalichagua bonde. Kumsingizia Mungu kazi ya jembe letu na shoka letu si uchaji. Ni njia ya kukwepa maungamo.

Lakini na tusiwe wepesi kumhukumu alimaye kando ya mto. Udongo wa pale ni mzuri, mchicha wake hauchoki hata kiangazi, na mama mwenye watoto watano hana shamba jingine. Kumwambia "ondoka" bila kumwonyesha pa kulima ni kumwambia mwenye njaa aende na amani akashibe, jambo ambalo Mtakatifu Yakobo alilikemea. Mwenye ekari kumi juu ya kilima, aendaye Misa kila Dominika, na aone kama nusu ekari ya kumwazima mama huyo si sehemu ya tuta.

Nasi mapadre tusijitoe. Twahubiri vizuri siku ya maziko. Twakusanya mablanketi haraka, na mablanketi ni mema. Lakini ni lini tulitangaza baada ya Misa, mwezi wa Septemba mto ukiwa mkavu, kwamba tuta lina shimo mahali fulani, twende na makoleo Jumamosi? Wengine wetu hatujui hata tuta laanzia wapi. Mwandishi wa maneno haya ni mmoja wao, naye analisema hapa ili aone haya mbele ya wasomaji.

Kuna jambo moja lisilongoja fedha wala fundi. Ndugu zetu wa Gulwe na Kidete huuona mto kabla ya sisi, na karibu kila nyumba leo ina simu. Kila mmoja wao na awe na namba ya mtu mmoja wa Kilosa aishiye bondeni, awe Mkristo au Mwislamu, na usiku atakaposikia mto umebadili sauti, ampigie, hata kama ni saa nane, hata kama wiki iliyopita alipiga na maji hayakufika.