Mwenye Nyumba ya Wageni na Vidonda vya Wazee



Katika Luka sura ya 10 twasoma habari za Msamaria, na mara nyingi mahubiri yetu huishia pale alipotia mafuta na divai katika majeraha. Lakini siku ya pili alitoa dinari mbili, akamwagiza mwenye nyumba ya wageni amtunze mtu yule, akaahidi kurudi. Basi mwenye nyumba alijua ya kuwa atakuja mtu kutazama.

Jambo hili twaliona katika nyumba za kutunzia wazee huko Marekani. Mzee asiyeweza kujigeuza kitandani hupata vidonda visiginoni, nyongani na chini ya mgongo, maana uzito wa mwili huizuia damu isipite katika nyama iliyobanwa na mfupa. Florence Nightingale, aliyejifunza mwaka 1851 kwa mashemasi wa kike wa Kaiserswerth, katika nyumba iliyoanzishwa na mchungaji Theodor Fliedner mwaka 1836, aliandika baadaye kwamba kidonda cha namna hii kwa kawaida ni kosa la uuguzi, wala si la ugonjwa. Neno hilo ni zito, tena wako wanaokaribia kufa ambao ngozi yao huvunjika ijapokuwa wametunzwa vema.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1987 iliamuru kila mzee apimwe hali yake, na wakaguzi waingie pasipo kutoa habari. Tangu 2002 hesabu ya vidonda vya kila nyumba hutangazwa kwa watu wote. Hapo ndipo moyo wa mtu hujaribiwa: mwuguzi aonaye alama ya kwanza aweza kunyamaza, asije akalaumiwa. Kwa hiyo wakubwa wenye busara humshukuru yeye aliyesema mapema, nao humwita mpishi na mfuaji katika shauri lao, maana chakula haba na shuka mbichi huharibu ngozi.

Tena kwa wazee weusi wekundu wa mwanzo hauonekani wazi. Sharti mkono uguse, utafute joto au ugumu. Huko wamepata vidonda vingi kuliko weupe, navyo huchelewa kutambuliwa.

Nasi tunaowazuru wagonjwa wa sharika zetu, walalao nyumbani wakiuguzwa na wake za wana wao, tukiisha kuomba, tumsihi mwenye kuuguza afunue blanketi, tutazame visigino pamoja naye, kisha tutaje siku tutakayorudi.