Nafsi ya Biashara na Mwalimu wa Kujitolea

Wanafunzi wa vyuo vikuu vya Ulaya na Marekani wanaojiandaa kwenda Afrika Mashariki kufundisha stadi za biashara kwa kujitolea hupewa kanuni nyingi za kubeba, na miongoni mwazo imo ile inayorudiwa mara nyingi, isemayo kwamba fedha za biashara zitenganishwe na fedha za nyumbani. Kanuni hiyo huhesabiwa kuwa ni ufundi tu, jambo la kutenda lisilohitaji kufikiriwa, ilhali ndani yake mmejificha dai la kifalsafa kuhusu biashara ni kitu gani.

Dai lenyewe ni kwamba biashara ina nafsi yake, yaani huchukuliwa kana kwamba ni mtu mwingine mwenye mali na madeni yake, kiasi kwamba mwenye duka akichukua kilo ya unga kwenye rafu yake mwenyewe, huandikwa kuwa amepunguza mtaji. Ni dhana yenye manufaa makubwa, kwa sababu pasipo utengano huo ni vigumu kujua kama faida ipo au mtaji unaliwa. Na hesabu za maingizo mawili, ambamo kila muamala huandikwa pande mbili, na ambazo Luca Pacioli alizieleza katika kitabu kilichochapwa Venice mwaka 1494, zimeenea duniani kote bila kuuliza asili ya anayezitumia.

Lakini kuna walioona hatari katika kuvusha mambo ya namna hii: mwanafikra Ivan Illich, alipowahutubia mwaka 1968 wanafunzi wa Marekani waliokuwa wakijiandaa kwenda kujitolea Mexico, aliwaambia bila kuwaficha kwamba wangekwenda kueneza mtindo wa maisha wa tabaka lao, wapende wasipende, na kwamba afadhali waende kutembea na kujifunza kuliko kusaidia. Utambuzi wake wa ugonjwa ulikuwa sahihi, ila dawa yake ilikuwa kali kupita kiasi, kwani maarifa hayaharibiki kwa kuvuka mpaka. Kinachoharibu ni kuyavusha bila kujua yamebeba nini.

Kwa mfano, mama lishe wa Dar es Salaam anaweza kuchukua mchele kwa mali kauli, maana yake anapewa bidhaa kwa ahadi ya mdomo na kulipa baada ya kuuza, wala hana dhamana nyingine ila sifa yake, nayo sifa hiyo haikujengwa kwenye biashara peke yake, bali pia katika upatu, ambamo wanachama huchanga na kupokezana fungu, na katika misiba ya majirani. Sahani ya wali aliyompelekea mfiwa, ambayo mwalimu mgeni angeiandika kuwa ni hasara, huenda ndiyo inayomfanya aaminiwe gunia jingine wiki ijayo. Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba ukarimu huo hauna hesabu: methali isemayo kukopa harusi, kulipa matanga, ni ya wafanyabiashara wanaojua fika kwamba jirani asiyelipa hufilisi, na kwa hiyo kila siku huamua nani akopeshwe na nani aombwe radhi.

Uamuzi huo ni wa aina ya maarifa ambayo Aristotle aliyatenga na ufundi, akiyaona kuwa ni busara ya matendo, yaani uwezo wa kujua lipi lifae katika hali hii mahususi, na hupatikana kwa uzoefu, jambo ambalo kijana asiyewahi kuuza hata andazi hana. Anachoweza kukifundisha kwa haki ni kuchora safu za daftari, huku akimwachia mwenye mtaji kuamua sahani ile iingie safu ipi. Wala tatizo halitokani na ugeni peke yake, kwani mwanafunzi wa uhasibu wa Dar es Salaam au Nairobi hufundishwa dhana ileile, na asipoihoji atakwenda kumfundisha mama yake mzazi kwamba wali wa msibani ni hasara.