Andika Ndipo Ujue

Wanangu,

Ijumaa baada ya swala, mkinizunguka, hakosekani mmoja wa kuniuliza: "Mzee, niongeze mkataba au nirudi nyumbani? Nikirudi, nifanye biashara gani?" Nami humjibu kwa swali: umeliandika hilo? Wengi mnacheka. Mnaona kuandika ni kazi ya mtu aliyekwisha kujua, wa kuyaweka tu maneno mahali pake. Mimi nawaambia kinyume chake. Usingoje ujue ndipo uandike. Andika ndipo ujue.

Nawaona mnavyozungumza. Mtu anatembea Mtaa wa Olaya hapa Riyadh usiku, simu mdomoni, anamtumia rafiki yake wa Jeddah sauti ya dakika tano. Anaeleza, anarudia, anauliza "si unanielewa?", na wa Jeddah anajibu "nakuelewa sana", wakaachana hapo. Kusema kunatusitiri. Sauti ikipanda kidogo na mkono ukipunga, pengo la hoja hupita bila mtu kuliona. Karatasi haikusitiri. Chukua yale yale ya dakika tano, uyatie katika mistari mitatu. Utafika mahali kalamu inagoma. Usikasirike wala usiseme huna kipaji. Inapogoma kalamu ndipo ulipokuwa hujafika kwa fikra. Ulikuwa unaparuka kwa maneno.

Kijana mmoja, mlinzi wa mlangoni katika jengo moja karibu na Mtaa wa Tahlia, alikuja na mpango uliokamilika, kwa alivyodhani. Atanunua pikipiki mbili, azitie kwenye bodaboda huko kwao Tanga, mwenyewe aendelee na kazi huku akipokea hesabu. Nikamwambia akauandike, ukurasa kwa ukurasa. Ukurasa wa kwanza ulikwenda vizuri: bei ya pikipiki, bima, leseni. Wa pili pia: hesabu ya siku, matengenezo, siku za mvua. Wa tatu ulikuwa na swali moja: nani atakusanya hesabu kila jioni? Akaandika jina la kaka yake, kisha asiweze kuendelea.

Hakuna aliyemwambia jambo. Lile la kaka yake na fedha alilijua zamani, ila alikuwa hajawahi kukaa nalo uso kwa uso. Kumbe shida yake haikuwa biashara gani. Ilikuwa biashara ipi isiyohitaji mtu wa kushika fedha kila siku. Swali lilipobadilika, mawazo yakaanza kuja. Akamkumbuka dada yake fundi cherehani, ambaye kila mwaka huwarudisha wateja wa sare za shule kwa kukosa mashine ya pili. Vitambaa huhesabika, sare huhesabika, na hesabu yake unaweza kuipiga mwisho wa mwezi. Wazo hilo halikuwa kichwani mwake alipoanza ukurasa wa kwanza. Lilizaliwa ukurasa wa nne, na lisingezaliwa kama angeishia kunisimulia mimi barazani, kwa sababu mimi ningemwitikia tu.

Dini yetu imetutangulia katika hili. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ya 282 ya Suratul Baqara, na habari yake ni kuandikiana deni. Tunaamrishwa tuliandike, liwe dogo au kubwa, na miongoni mwa sababu zinazotajwa humo ni kuondokana na shaka. Tazameni: watu wawili waliokubaliana, wenye nia njema, bado wanaambiwa waandike. Basi wewe na nafsi yako, mnaobadilishana kauli kila usiku, hamhitaji maandishi? Leo umejiambia unakaa kwa ajili ya watoto. Kesho unajiambia unakaa kwa sababu unaogopa kurudi mikono mitupu. Bila karatasi hutajua umesema lipi lini, na kila siku utaanza upya.

Sasa niwape namna ya kufanya, maana nasaha isiyo na namna ni kelele.

Ukiwa na mgogoro kazini, na huku ughaibuni haukosekani, usiende kwa mudiri wala ofisi ya kazi ukiwa na hasira peke yake. Gawa ukurasa mafungu matatu. La kwanza: niliyoyaona kwa macho yangu, na tarehe zake. La pili: niliyoambiwa, na nani aliyeniambia. La tatu: ninayodhani. Utashangaa jinsi fungu la tatu lilivyo refu. "Wamenikata mshahara makusudi" ni maneno mawili tofauti: kukatwa mshahara ni la fungu la kwanza, na risiti ya benki inalithibitisha, makusudi ni la fungu la tatu. Wanazuoni wa hadithi walijenga elimu nzima juu ya swali la fungu la pili: umelipata kwa nani, naye kalipata kwa nani? Ukienda na fungu la kwanza lililo safi, utasikilizwa. Ukienda na yote matatu yaliyochanganyika, utajibiwa lile ulilodhani, na haki yako ya kweli itapotea humo humo.

Ukikosa pa kuanzia, anza na swali. Mwaka 1968 kijana wa Mombasa, Abdilatif Abdalla, akiwa na miaka 22, aliandika kijikaratasi cha siasa ambacho jina lake tu lilikuwa swali: "Kenya: Twendapi?" Swali hilo lilimtia gerezani miaka mitatu, kuanzia 1969 hadi 1972, akiwa ametengwa na wafungwa wenzake. Huko akanyimwa karatasi, akaandika mashairi kwa siri kwenye karatasi za chooni. Mwaka 1973 yakatoka kitabu, "Sauti ya Dhiki". Mtu aliyetengwa hana wa kusema naye, na fikra zisizo na pa kutokea humzunguka mtu mpaka zimchoshe. Yeye alizipatia njia. Nyinyi mna daftari la riyali chache na kalamu mfukoni, mnaniambia hamna nafasi.

Ukikosa maneno, chagua mtu wa kumwandikia. Usiandikie "watu", watu hawana uso. Mwana Kupona, mwanamke wa Pate, akiwa mgonjwa mwaka 1858, aliyatunga mausia yake kwa ajili ya binti yake, na leo yanasomwa na wasiomjua binti huyo. Sayyida Salme, binti wa Sultani wa Unguja, alijifundisha kuandika kwa siri, wakati wasichana wa kwao wakifundishwa kusoma tu, akinakili herufi za Qur'ani kwenye mfupa wa bega la ngamia. Baadaye, akiwa mjane huko Ujerumani, alianza kuandika habari za maisha yake kwa ajili ya wanawe, ili wajue mama yao katoka wapi. Kitabu kikachapishwa mwaka 1886. Naye alikuwa mgeni katika nchi ya watu, kama sisi.

Na msiniambie kuandika ni kwa walioajiriwa kuandika. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali, akaanzia forodhani Pangani, na karibu maisha yake yote ya kazi alikuwa chini ya mabwana wa kikoloni. Muda wote huo alikuwa akimwandikia barua ndugu yake Yusuf Ulenge. Barua za tangu 1931 hadi 1958 zimekusanywa na kutolewa kitabu mwaka 2002. Humo hamna mshairi mkubwa aliyekaa kitini akitoa hekima. Yumo mtu mwenye kazi, familia na shida ya fedha, anayeyapima mambo yake mbele ya ndugu anayemwamini. Nami naamini barua zile hazikuwa kando ya kazi yake ya fasihi. Huko ndiko alikozoea kufikiri kwa kalamu. Wewe uliyeko Olaya, una ndugu nyumbani. Badala ya kumtumia sauti, mwandikie barua moja kwa mwezi, yenye mwanzo na mwisho. Ukishindwa kuituma, ibaki kwako; faida kubwa umekwisha kuipata.

Andika kwa lugha unayoiotea ndoto. Kiarabu cha kazini na Kiingereza cha barua za ofisi mtakitafuta baadaye, fikra ikishakomaa. Tahajia isikuzuie, karatasi ya kwanza ni yako, haina mwalimu wa kuisahihisha.

Liko na hili la siku hizi. Mnaiambia simu, "niandikie," na akili mnemba inawapa kurasa mbili zilizonyooka. Kwa barua ya kuomba kazi, sikatazi. Lakini kijana wa pikipiki angeiomba simu mpango wa bodaboda, angepewa mpango mzuri, na jina la kaka yake lisingemkwama kalamuni, kwa kuwa asingekuwa yeye aliyeishika kalamu. Anza wewe. Ukishafika mwisho wa uwezo wako, uliza unachotaka.

Na mkitafuta pa kukaa kwa utulivu, mbali na vitanda sita vya chumba kimoja, Maktaba ya Taifa ya Mfalme Fahd iko hapa hapa Olaya, lile jengo lililozungushiwa vitambaa vyeupe. Mnapita nje yake mkielekea kupiga picha mnara wa Kingdom. Siku ya mapumziko, ulizeni saa zake, ingieni.

Kuanzia Ijumaa ijayo, mwenye shauri aje na karatasi. Sitaki iliyonakiliwa vizuri. Nataka ile yenye mistari iliyokatwa na maneno yaliyoandikwa juu ya maneno, kwa sababu nitasoma kwanza pale ulipokata. Hapo ndipo ulipoacha kurudia ulilozoea kulisema ukaanza kufikiri, na kutoka hapo tutakuwa na jambo la kushauriana.