Bomu Halali, Bomu Haramu

Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia, wa mwaka 1968, unasema taifa la nyuklia ni lile lililotengeneza na kulipua silaha hiyo kabla ya tarehe 1 Januari 1967. Basi. Hauulizi taifa hilo lina mwenendo gani. China iliwahi, 1964. India ikajaribu lake 1974, imechelewa.

Kila sheria huchora mstari mahali fulani, na sina ugomvi na hilo. Lakini kijana wa miaka 17 asiyeruhusiwa kupiga kura leo atafika 18. Mstari wa 1967 haufikiwi na yeyote aliyezaliwa upande wa pili.

Wakubwa wakibanwa, hawaitetei tarehe. Hutetea tabia: kwetu bomu limo mikononi mwa wenye busara. Ni kweli kwamba dunia ya mataifa tisa yenye mabomu ina nafuu kuliko ya tisini. Anayelikataa hilo anabisha tu. Ila hiyo ni hoja ya kupinga wingi wa mabomu. Haisemi nani astahili kuwa miongoni mwa tisa. Na kama kipimo ni tabia, aliyewahi kulidondosha juu ya miji ya watu ni mmoja tu, Marekani, Agosti 1945, na sehemu kubwa ya urani yake ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, na Wakongo ambao hakuna aliyewashauri. Ufaransa nayo ilikwenda kulipua lake la kwanza Reggane, Algeria, 1960, kwenye jangwa la wenyewe.

Katika Ibara ya 6, wenye silaha waliahidi kujadiliana kwa nia njema kuhusu kuziondoa. Ndiyo bei waliyokubali ili wengine wasitengeneze. Ajabu ni kwamba mkataba uliowawekea wengine siku, mwezi na mwaka haukuwawekea wao hata muongo. Mwaka 1995 ukaongezwa muda bila kikomo, na deni likaongezwa pamoja nao.

Tazama matokeo. India, isiyotia saini, ilipewa msamaha wa kununua mafuta ya nyuklia 2008. Iran, iliyotia saini, ilishambuliwa Juni 2025 na Israeli, isiyotia saini, kisha na Marekani. Sisemi Iran haikuwa na la kujibu. Wakaguzi wa nyuklia walikuwa na malalamiko mazito. Nasema malalamiko hayo hayapelekwi kwa kila mlango.

Tunaambiwa kuyavunja mabomu ni ndoto. Machi 1993, Rais F. W. de Klerk alitangaza kuwa Afrika Kusini ilitengeneza sita na kuyavunja yenyewe. Hakuna aliyeipa serikali ya ubaguzi cheti cha busara. Wapo wanaodai ilikwepa kumrithisha Mandela silaha hizo, na yawezekana. Wakaguzi walikwenda kuhakiki, wakakuta yamevunjwa kweli.