Ni Yeye Alijitafutia?

Hapa Kigali ukisema mtu "apelekwe Ndera", watu wanacheka. Jina la mahali limegeuka tusi, kwa sababu hospitali ya magonjwa ya akili, iliyoanzishwa na mabruda Wakatoliki mwaka 1968, iko kule. Na kijana akifikishwa huko kwa sababu ya madawa ya kulevya, juu ya kicheko tunaongeza hukumu: "Ni yeye alijitafutia." Wandugu, tuipime hiyo hukumu.

Tuchukue methamfetamini. Si mambo ya mbali: Desemba 2023 Tanzania ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini. Dawa hii inafanya ubongo umwage dopamini kupita kiasi. Mtu anakesha siku mbili, tatu, bila usingizi wala njaa. Halafu anaanza kushuku majirani, anasikia sauti, moyo unakimbia, na unaweza hata kusimama. Katika Vita vya Pili vya Dunia, majeshi ya Ujerumani na Japani yaliwapa askari wao ili wasilale. Na hao walijitafutia?

Mara ya kwanza mtu anachagua, hilo nakubali. Lakini kila mara inayofuata, kile anachochagulia, yaani ubongo wenyewe, kimeshaharibika kidogo. Lawama ya siku ya kwanza haiwezi kuwa sawa na ya siku ya mia.

Tena kambini tunagawiwa vyandarua. Aliyelala nje ya chandarua akishikwa na malaria, nani anamfukuza kwenye kituo cha afya?

Mama mmoja atanijibu: "Malaria haikuuza sufuria yangu." Ana haki kabisa. Kumhurumia mgonjwa si kumwambia mama anyamaze. Sufuria ilipwe, mlango ufungwe usiku, na anayeuza hayo madawa asihesabiwe pamoja na anayeyatumia. Ila kulipa deni ni kitu kimoja, kunyimwa matibabu ni kingine. Na mtu asiyetibiwa atalipaje?

Hakuna kidonge kinachoponya uraibu wa methamfetamini. Kinachosaidia ni mazungumzo na wataalamu, usingizi, chakula, na miezi mingi ya watu wasiochoka. Kwa hiyo sisi majirani ni sehemu ya dawa. Ninyi wa mashirika, msiishie kwenye kumpa karatasi ya kwenda hospitali. Ulizeni nani atampokea akirudi. Maana Ndera wanaweza kumtuliza, lakini akirudi kambini akakuta tunacheka, ataenda kwa wale wasiomcheka: wanaouza.