Je, Nguvu za Mtu ni Zake Peke Yake?

Wako watu wasemao: «Kila mtu na roho yake, imani ya jirani yanihusu nini?» Watu hao wamtazame kwanza Jason Lezak, mwogeleaji wa Marekani.

Yeye alishindana hasa katika kuogelea kwa kupokezana. Watu wanne wa nchi moja huogelea mmoja baada ya mwingine, kila mmoja meta 100. Anayengoja hana ruhusa ya kuacha ukingo kabla mwenzake hajagusa ukuta. Akitangulia, wote wanne huondolewa, hata wale watatu wasio na kosa.

Mwaka 2000 kule Sydney kikosi chake kilikuwa cha pili. Mwaka 2004 kule Athens, cha tatu. Mwaka 2008 kule Beijing, akiwa mwenye miaka 32, aliwekwa wa mwisho. Mbele yake alikuwa Mfaransa Alain Bernard, hodari kuliko yeye, tena amekwisha kumtangulia kwa zaidi ya nusu sekunde. Lezak akamfuata, akamfikia karibu na ukuta, akagusa mbele yake. Sekunde moja ukiigawanya mara 100, alimshinda kwa sehemu 8 tu. Meta zake alizimaliza kwa sekunde 46.06.

Baada ya siku chache wakashindana tena, kila mtu kwa nafsi yake. Bernard akawa wa kwanza. Lezak akatumia sekunde 47.67, akawa wa tatu pamoja na Mbrazili mmoja. Ni kweli, mwenye kupokea zamu huruka mwili ukiwa umekwisha kuanza mwendo, naye huokoa muda kidogo. Lakini hilo halielezi tofauti yote. Mwili ulikuwa ule ule. Siku ya kwanza kulikuwa na watatu waliomtegemea.

Liko na neno jingine, ambalo wengi hulisahau. Jioni iliyotangulia, katika mchujo, Nathan Adrian, Ben Wildman-Tobriner na Matt Grevers waliogelea kwa ajili ya kikosi hicho. Asubuhi ya fainali walikaa kando. Hata hivyo nao walipewa nishani ya dhahabu. Je, ni haki? Mwenye kijicho atakataa. Lakini bila mchujo Lezak angeshindana wapi?

Mkatekumeni hukiri katika Nasadiki ushirika wa Watakatifu, na mara nyingi hupita upesi juu ya maneno hayo. Maana yake ni kwamba bibi mzee asiyejua kusoma, asaliye rozari yake jioni kando ya moto, ana sehemu katika ubatizo wa kijana wa kijiji kingine, ambaye hatamwona kamwe.