Taa Ziliwaka, Trekta Likanyamaza



Mwaka jana, mvua za kwanza zilipofika huku bonde la Mbwemkuru, trekta kuukuu la shamba la kanisa lilikataa kuwaka. Injini haikuzunguka hata kidogo. Ufunguo ukizungushwa husikika "ta!" moja tu, kisha kimya. Majirani walikuwa wanapanda mahindi, na sisi tumesimama tukilitazama.

Tukahukumu upesi. Taa zilikuwa zinawaka, basi tukasema betri ni nzima na nyaya ni nzima. Bila shaka dereva ameuza stata nzuri akafunga mbovu. Hakuna aliyemwona akifanya hivyo. Kijana yule alirudisha ufunguo, na tangu siku ile hajafika Misani.

Fundi alipokuja kutoka Nachingwea, stata hakuigusa. Kwanza alitia gia ya juu, tukalisukuma kidogo, akaona injini haikukwama. Akarudisha gia huru, akavuta breki, akapima betri: volti 12 na zaidi. Kisha akatuagiza tuwashe taa, akazungusha ufunguo. Taa zikafifia mpaka zikazimika. Hapo akainama chini, akaufuata waya wa ethi, ule unaofungwa kwenye bodi la trekta, mahali ambapo hatukuwa tumetazama. Penye skrubu palijaa kutu na unga wa kijani.

Alitueleza kwamba taa yahitaji umeme kidogo, lakini stata huvuta umeme mwingi mno kwa mara moja. Waya wenye kutu waweza kuiwasha taa, ukashindwa na stata. Akautoa kwanza kwenye betri, akausugua kwa msasa hata chuma kikang'aa, akaukaza. Trekta likanguruma. Hatukununua kitu.

(Wazee wetu walitusimulia Mpango wa Karanga, ulioanza Kongwa mwaka 1947, ukafika na Nachingwea, na serikali ya Uingereza ikauacha mwaka 1951. Matrekta mengi yalikuwa mabaki ya vita, na mafundi wenye ujuzi walikuwa wachache. Yalikufa mengi. Fundi anayeinama chini ni mali.)

Sasa tutazame Mathayo sura ya 5, aya ya 23 na 24. Sisi tuliofundisha shule tumezoea kuuliza: nani ana neno juu ya nani? Bwana hasemi habari za mtu aliyekosewa. Anasema na mkosaji, aliyefika madhabahuni na sadaka mkononi, akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Sadaka ibaki pale. Yeye aende kwanza.

Kwaya yetu inaimba vizuri. Sadaka inatolewa, wagonjwa wanatembelewa. Taa zetu zinawaka, ndugu zangu. Lakini twaombwa jambo moja zito, kwenda mlangoni kwa kijana na kumwambia, "Tulikusingizia," na toka mvua zile mpaka leo tumenyamaza. Trekta limelima msimu mzima. Tumekula mahindi yake.

Wengine wanasema atumiwe salamu kwa mama yake. Hapana. Maneno yale tuliyasema mbele ya watu, tena kwa vinywa vyetu wenyewe. Wazee wa kanisa tumepatana kwenda kwake Jumamosi jioni, kabla ya Misa ya Jumapili. Aliyesema neno lolote siku ile na aje. Tutakutana penye kibanda cha trekta saa kumi.